SOMO: Kazi ya Msaidizi wa Wakili Katika Mashauri ya Ndoa



Tunapowataja wafanyakazi, mawazo yetu hukimbilia bandarini, viwandani, mashambani na kwenye reli. Ni mara chache tunamkumbuka mtu aketiye nyuma ya meza iliyojaa majalada katika ofisi ya wakili. Somo la safari hii linamhusu yeye. Mfano wetu tumeuchukua mjini Mwanza, Tanzania, kwa sababu wasomaji wetu wengi wana ndugu, wake au waume upande ule wa ziwa, na ndoa ikivunjika kule, huku nako watoto hulia.

Mwenzetu tunayemweleza ni mama wa makamo. Ni msaidizi wa kisheria katika ofisi ndogo ya mawakili inayoshughulikia ndoa, talaka, matunzo ya watoto na mirathi, na ametumika hapo zaidi ya miaka ishirini. Hakutaka jina lake lichapwe, wala la ofisi. Alisema mambo ya ndani ya nyumba za watu si ya kutangazwa, na atakayemjua yeye hatakawia kuwajua waliowahi kuketi mbele yake. Tumemheshimu.

Kwanza tuelewe mipaka ya kazi yake. Yeye si wakili, na haruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu. Tanzania ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, na sheria hiyo inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wananchi bila malipo: kuwaelimisha, kuwaelekeza panapohusika, kuwasaidia kupata hati. Huyu wetu yuko tofauti kidogo. Ameajiriwa kwa mshahara, na anafanya kazi chini ya wakili ambaye ndiye mwenye kutia sahihi na kubeba lawama. Wengi humwita karani tu. Yeye hachukii.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Siku tuliyomtembelea aliingia dada mmoja, mchuuzi wa samaki, ana mtoto mgongoni na mfuko wa plastiki mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, upumzike.”

Mfukoni mlikuwa na cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mtoto, na cheti cha baraza la usuluhishi la kata yake. Mama yule hakuuliza habari za ugomvi. Alikichukua cheti cha baraza, akatafuta tarehe, akahesabu kwa vidole. Kilikuwa na miezi minane.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inakataza kufungua ombi la talaka kabla shauri halijapelekwa kwenye baraza la usuluhishi, nalo baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza hilo huwa na mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kifungu cha 106 kinaongeza sharti jingine ambalo wengi hawalijui: cheti cha baraza lazima kiambatane na ombi, na kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya ombi kufunguliwa. Cheti cha dada yule kilikuwa kimekwisha muda.

Mtu anaweza kusema, hilo ni jambo dogo, ni tarehe tu. La, si dogo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kufuta mienendo ya mashauri ya talaka kwa sababu ya kasoro za hatua hii ya baraza. Fikirini maana yake. Mtu amefungua shauri, ameitwa mara nyingi, ameleta mashahidi, amepewa talaka na sehemu ya nyumba. Mwenzake akakata rufani. Na baada ya miaka kadhaa, yote yanafutwa kwa sababu ya karatasi moja iliyopokelewa siku ya kwanza. Anarudi pale alipoanzia, na nauli imekwisha.

Dada yule alilia. “Mama, kule barazani nimekwenda mara nne, na mume wangu haji.” Mama akamwacha atulie, kisha akamweleza kwamba mume akikataa kwa makusudi kuitikia wito wa baraza, sheria haimfungi mke milele. Inataja hali ambazo shauri linaweza kufunguliwa bila kupitia barazani: mwenzi ametoroka na hajulikani aliko; au anaitwa na baraza na kukataa kwa makusudi; au amefungwa kifungo cha maisha au cha miaka isiyopungua mitano. Iko na ile inayotuhusu sisi wa nchi jirani zaidi kuliko zote: mwenzi anaishi nje ya Tanzania, na haielekei kuwa ataingia nchini katika miezi sita ifuatayo. Lakini kila moja yataka ushahidi. Basi mama akaandika kwenye karatasi mambo ya kufuatwa: nakala za wito, tarehe za vikao, maelezo ya baraza kwamba mume aliitwa na hakuja. Aliyasoma kwa sauti mara mbili, kwa kuwa dada yule hakuwa msomaji mzuri. Wakili alipofika alilikuta jalada limekwisha pangwa. Akalisoma na kuongeza neno moja tu.

Jambo la pili alilotufundisha ni namna ya kuuliza juu ya mali. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo huipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na hutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, wa mali au wa kazi. Neno hilo “kazi” lilibishaniwa sana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, maana mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitumia ovyo. Lakini msingi uliowekwa umewafaa wanawake wengi baada yake.

Sisi wa vyama vya wafanyakazi tulipaswa kuutambua msingi huo mapema kuliko wengine. Tumetumia miaka mingi kueleza kwamba jasho lisiloandikwa kwenye daftari la mshahara ni jasho vilevile, kisha tukifika nyumbani tunasahau.

Basi mama huyu hamwulizi mteja, “Ulichangia kiasi gani?” Akiulizwa hivyo, mwanamke hujibu, “Sikuchangia kitu, mimi niko nyumbani.” Yeye huuliza: mafundi walipokuwa wakijenga, walikula kwa nani? Maji ya kuchanganyia saruji aliyachota nani? Mume alipokuwa safarini, nani alilinda matofali? Majibu huja yenyewe, naye huyaandika pamoja na miezi na majina ya majirani walioona.

Viapo tutavipitia kwa haraka. Kiapo kisichoonyesha mahali na tarehe kilipoapwa mbele ya kamishna wa viapo chaweza kutupwa na mahakama, hata kama maneno yake yote ni ya kweli. Mama huvikagua kuanzia chini kwenda juu.

Msidhani hajawahi kukosea. Alitusimulia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba miaka ya mwanzo aliwahi kuandika tarehe ya shauri katika ukurasa wa mwezi mwingine. Siku ilipofika hakutokea mtu, shauri likafutwa, na kulirudisha kulichukua miezi. Muda wote huo watoto wa mteja walikaa bila amri ya matunzo. Tangu hapo ana madaftari mawili ya tarehe, moja la ofisi na moja la mkobani, na kila Ijumaa jioni huyalinganisha. Tuliyaona yote mawili. Lile la mkobani limechakaa kama kitabu cha dua.

Tulipomwuliza juu ya haki zake yeye, alicheka. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiwaandikia watu madai yao huku yeye mwenyewe hana karatasi ya ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Inaweka saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Na likizo ya mwaka ni siku 28. Yeye alikuwa akifunga ofisi saa moja usiku bila ziada yoyote. Siku moja aliyaandika madai yake kama anavyoandika ya wateja, kwa tarehe na hesabu, akayaweka mezani kwa wakili katika jalada jipya. Wakili aliyasoma, akanyamaza kitambo, akatia sahihi. Si waajiri wote watakaofanya hivyo, na ndiyo maana sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi haki ya kuingia katika chama.

Vikundi vitakavyosoma somo hili vifanye zoezi lifuatalo. Cheti cha baraza kimetolewa tarehe 10 Machi, na mke amepata ada ya mahakama tarehe 2 Oktoba mwaka uleule. Mume anaishi ng'ambo ya ziwa na hajarudi kwa miaka mitatu. Je, ombi lifunguliwe kwa cheti hicho, arudi barazani, au iko njia nyingine, na kwa ushahidi gani? Kisha kila mjumbe atafute nyumbani barua yake ya ajira, aje nayo kikao kijacho. Wasiokuwa nayo wahesabiwe, na idadi yao iandikwe katika kumbukumbu za tawi.