Ini la Mtu Ambaye Moyo Wake Umesimama: Swali la Kujibu Mapema

Nchini Uingereza, mgonjwa anayeandikishwa kwenye orodha ya kusubiri ini huulizwa, pamoja na mengi mengine, kama yuko tayari kupokea ini la mtu aliyefariki baada ya moyo kusimama. Wengi huulizwa hivyo wakiwa wamedhoofika, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano, na pengine mtoto wao ndiye mkalimani. Jibu la siku hiyo huamua ni maini yapi watakayoitiwa na yapi yatakayowapita. Kwa hiyo nawaandikia Waswahili wanaoishi huko, na jamaa zao wa Mombasa, Unguja au Bukavu wanaopigiwa simu kuombwa ushauri. Swali hili linafaa kujadiliwa nyumbani mapema, kabla ya kalamu kushikwa.

Viungo vya marehemu hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale ubongo unapokuwa umekufa kabisa huku moyo ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine ya kupumulia. Ini la mtu huyo hupata damu mpaka madaktari wa upasuaji wanapolitoa. Njia ya pili humhusu mtu aliyepata kiharusi kikubwa, aliyeumia vibaya kichwani, au ambaye ubongo wake ulikosa hewa kwa muda mrefu. Hajafikia vigezo vya kifo cha ubongo, lakini madaktari wake wameona kwamba mashine haimsaidii tena, na familia imeelezwa hivyo. Mashine huondolewa, na moyo husimama. Hospitalini utasikia njia hii ikitajwa kwa herufi DCD. Si njia ya jana wala juzi. Thomas Starzl alipompandikiza binadamu ini kwa mara ya kwanza, mwaka 1963 mjini Denver, vigezo vya kifo cha ubongo vilikuwa bado havijaandikwa. Kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilivitoa mwaka 1968.

Hofu inayosikika zaidi katika familia zetu ni hii: je, mgonjwa hataharakishwa kufa ili achukuliwe ini? Ni hofu ya haki na inastahili jibu kamili. Uamuzi wa kuondoa mashine hufanywa kwanza, na madaktari wa chumba cha wagonjwa mahututi, bila timu ya upandikizaji kushiriki. Baada ya moyo kusimama, hakuna anayemgusa marehemu kwa dakika 5 mfululizo. Daktari hubaki akimwangalia muda huo wote kuhakikisha kwamba moyo haukurudi kupiga wala pumzi haikurudi, ndipo atangaze kifo. Nchini Italia sheria inataka dakika 20. Mgonjwa asipofariki katika muda uliopangwa, ini halichukuliwi. Anaendelea kutunzwa asipate maumivu, na familia yake ikiwa karibu naye, mpaka ajali yake ifike. Familia iulize kila hatua hata mara tatu. Wauguzi maalumu wa uchangiaji viungo wapo kwa kazi hiyo.

Kwa anayepokea, tatizo ni dakika ambazo ini hukaa na joto la mwili bila damu ya kutosha. Nchini Uingereza muda huo huanza kuhesabiwa kipimo cha juu cha shinikizo la damu kinaposhuka chini ya 50, na kwa kawaida timu hukataa ini likivuka kama nusu saa. Chembe za ini lenyewe huvumilia kiasi, kwa kuwa hulishwa na mishipa miwili. Mirija ya nyongo hutegemea ateri peke yake, na ndiyo huumia zaidi. Baada ya wiki au miezi kadhaa mirija hiyo inaweza kupata makovu na kuziba. Mgonjwa hupata homa na kutetemeka, ngozi humwasha, mkojo huwa kama chai ya rangi, manjano hurudi. Baadhi hutibiwa kwa kupanuliwa mirija kupitia kamera inayoingizwa kinywani. Wachache hulazimika kupandikizwa ini jingine.

Hapo ndipo mashine za miaka ya karibuni zilipoleta mabadiliko, na nashauri kila mgonjwa aulize kama hospitali yake inazitumia. Zamani ini liliwekwa kwenye barafu na kusafirishwa, basi. Sasa linaweza kusukumiwa maji baridi yenye oksijeni kabla ya kupandikizwa. Utafiti ulioongozwa na madaktari wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2021, uliwahusu wagonjwa 156 waliopokea maini ya aina hii. Baada ya miezi 6, kuziba kwa mirija kulikoleta dalili kulionekana kwa asilimia 6 ya waliopewa maini yaliyopitia mashine, na asilimia 18 ya waliopewa yaliyokaa kwenye barafu tu. Mashine nyingine, iliyobuniwa Oxford, hulipa ini damu ya joto la mwili. Ini huanza kutoa nyongo likiwa bado mashineni, na madaktari huweza kulipima kama nahodha anavyojaribu injini kabla ya kung'oa nanga. Njia ya tatu hurudisha damu yenye oksijeni tumboni mwa marehemu, kifo kikishathibitishwa, kabla ini halijatolewa. Hispania wameitumia sana, na Uingereza ilianzia Cambridge na Edinburgh.

Je, akubali au akatae? Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokubali ini la aina hii walikuwa na nafasi bora ya kuishi kuliko waliolikataa wakasubiri la aina ya kwanza. Hilo halinishangazi, kwani anayesubiri naye hudhoofika, na wapo wanaofariki wakiwa bado orodhani. Naona mgonjwa wa kawaida afadhali akubali kuwekwa kwenye orodha ya aina zote mbili. Lakini aliyewahi kupandikizwa, au ambaye mshipa mkuu wa ini umeganda damu, anahitaji upasuaji mrefu zaidi. Yeye azungumze na daktari wa upasuaji mwenyewe. Amuulize: kwa hali yangu, hatari ya kusubiri ni ipi? Mtoaji akiwa mzee au ini likiwa na mafuta, mtaniambia? Mirija ikiziba, nitatibiwa wapi?

Baada ya kupandikizwa, dawa za kuzuia mwili usilikatae ini, kama takrolimasi, humezwa saa zilezile kila siku maisha yote. Balungi halifai kuliwa nazo. Mitishamba kutoka nyumbani, hata ile bibi aliyoisifia, isitumiwe kabla daktari hajaiona. Homa au ngozi kuwasha si mambo ya kungojea kliniki ya wiki ijayo: piga simu siku hiyohiyo.

Nyumbani Afrika Mashariki hali ni tofauti. Anayehitaji ini kwa kawaida husafirishwa, mara nyingi India, na hupewa kipande cha ini la ndugu aliye hai. Wanaoishi Uingereza wako chini ya sheria nyingine. Wales tangu 2015, England tangu 2020, Scotland tangu 2021 na Ireland ya Kaskazini tangu 2023, mtu mzima huhesabiwa kuwa ameridhia kuchangia isipokuwa amekataa, ingawa aliyeishi huko chini ya miezi 12 haingizwi. Hata hivyo familia huulizwa kila mara. Kwa Waislamu, wanazuoni wametofautiana kuhusu uchangiaji na kuhusu dakika ambayo kifo kinahesabiwa kuwa kimetimia, kwa hiyo kaa na imamu wako mapema. Rejesta ya wachangiaji viungo ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ina sehemu ya kueleza kama unataka imani yako izingatiwe. Ukiijaza, muuguzi atajua kuwa anapaswa kuzungumza na wenyewe kuhusu kuosha maiti na kuwahi maziko. Unaweza kubadili jibu lako wakati wowote, ila mwambie na mtu mmoja wa nyumbani, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa.