Nikiingia Katika Jaribio la Tiba, Nitapewa Dawa Kweli?

Ninapomtajia mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana jaribio la tiba, swali la kwanza huwa hili: "Daktari, nitapewa dawa, au mimi ndiye wa kupewa maji?" Ni swali la haki, na mhudumu wa afya asilicheke.

Pale ambapo tiba yenye manufaa inajulikana, maadili ya utafiti hayaruhusu kumnyima mgonjwa tiba hiyo. Kinacholinganishwa ni tiba iliyozoeleka na tiba mpya, ama tiba ileile kwa muda tofauti.

Tuangalie utafiti uitwao IDEA, uliounganisha majaribio 6 kutoka nchi 12 na kuchapishwa mwaka 2018. Wagonjwa wake 12,834 walikuwa wamekwisha kupasuliwa kwa saratani ya hatua ya tatu, yaani iliyofika kwenye tezi za limfu. Kwa kura, baadhi walipewa dawa zenye oksaliplatini kwa miezi 6, kama ilivyokuwa desturi. Wengine kwa miezi 3. Dawa hiyo hudhuru mishipa ya fahamu: vidole hufa ganzi, kufunga kifungo cha shati huwa kazi, na kwa wengine hali hiyo haiondoki. Kati ya waliotibiwa miezi 6, karibu nusu walipata madhara hayo kwa kiwango cha kusumbua. Kati ya wa miezi 3, takriban mmoja katika kila 6.

Baada ya miaka 3, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 75.5 katika kundi la miezi 6, na 74.6 katika kundi la miezi 3. Haikuthibitika kwamba muda mfupi unamfaa kila mtu. Hata hivyo, kwa wagonjwa ambao uvimbe haukutoboa utando wa nje wa utumbo, tezi zilizoathirika hazikuzidi 3, na waliotumia oksaliplatini pamoja na kapesitabini, miezi 3 ilitosha. Leo tunawapunguzia dawa wagonjwa wa namna hiyo kwa sababu wenzao walikubali kupigiwa kura.

Kabla ya kutia saini, mgonjwa aulize: ni nani atagharamia vipimo na madhara yakitokea? Nikizidiwa usiku, nimpigie nani? Hapa Tanzania, aulize pia kama utafiti una kibali cha NIMR na, ikiwa unahusu dawa, cha TMDA. Fomu iwe kwa Kiswahili, naye aruhusiwe kwenda nayo nyumbani akaisome pamoja na jamaa zake. Akijitoa katikati, tiba yake ya kawaida inaendelea.