Sauti Inapofifia: Ugonjwa wa Parkinson na Haki ya Mgonjwa Kusikika

Somo hili linahusu sauti inayofifia kwa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson, unaojulikana pia kama ugonjwa wa kutetemeka. Tunaliandika kwa ajili ya watumiaji wa dawa na huduma za afya wilayani Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Mzee asiyesikika hupoteza haki zake kimyakimya: hawezi kuhoji uzito wa kahawa yake mizanini, kutoa hoja katika mkutano wa kijiji, wala kueleza maudhi ya dawa aliyopewa.

Chanzo chake
Ugonjwa huu huharibu polepole chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kuongoza miondoko yake. Hatua huwa fupi, mwandiko huwa mdogo, na misuli ya kifua na koo husukuma pumzi hafifu. Sauti hushuka, hukwaruza na kukosa mapandishi. Mara nyingi mgonjwa huamini kwamba anazungumza kama kawaida. Hivyo kumkaripia hakumsaidii. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1978, asilimia 89 ya wagonjwa 200 walikuwa na matatizo ya sauti.

Umuhimu wa kutambuliwa
Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua wagonjwa 33 miongoni mwa watu wapatao 161,000. Wengi wao walikuwa hawajawahi kutambuliwa na daktari. Kwa hiyo, sauti inayofifia isihesabiwe kuwa uzee tu. Ikiambatana na mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, viungo kukakamaa au miguu kuburuta, mgonjwa afikishwe kituo cha afya na kuomba rufaa.

Kinachosaidia
Dawa ya levodopa hurahisisha miondoko, lakini mara nyingi haitoshi kurejesha sauti. Mazoezi ya usemi yana nafasi yake. Mbinu ya Lee Silverman humfunza mgonjwa kupaza sauti kwa vipindi 16 ndani ya wiki nne. Jaribio la Uingereza lililohusisha watu 388, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024, lilionyesha kuwa mbinu hiyo ilipunguza athari za tatizo la sauti kuliko kukaa bila tiba ya usemi. Anayezungumza Kinyambo na afanye mazoezi kwa Kinyambo.

Tahadhari kwa mtumiaji
1. Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Baadhi, kama vile haloperidol na metoclopramide, zaweza kuleta dalili zinazofanana na za ugonjwa huu.
2. Usiache levodopa ghafla, wala usibadili kipimo bila ushauri wa daktari.
3. Mbegu za upupu zina levodopa, lakini kiasi chake hutofautiana. Usizichanganye na dawa ya hospitali kwa kujiamulia.
4. Usinunue dawa inayodaiwa kuponya ugonjwa huu. Hadi sasa hakuna dawa inayouponya.
5. Mgonjwa akipaliwa au kukohoa anapokula, toa taarifa mapema, kwani chakula chaweza kuingia mapafuni.

Nyumbani, zimeni redio, mtazameni mzee usoni, mwombeni apaze sauti, kisha mngojeeni amalize. Kituoni, msindikizaji asimjibie kabla hajaulizwa. Mgonjwa ndiye mwenye maelezo yake; wajibu wetu sote ni kuhakikisha yanasikika.