Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Milinganyo ya Kemia Endulen

Vijana wa kidato cha tatu ninaowafundisha Endulen hutokwa jasho wakifika kwenye kusawazisha milinganyo. Nimejifunza haya.

1. Magadi kwanza, ubao baadaye. Nyumbani wanayajua: ndiyo yanayolainisha makande. Magadi ya Bonde la Ufa, kama yale ya Ziwa Natron, kwa sehemu kubwa ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Saga kipande, tia kwenye neli kavu ya majaribio, choma huku mdomo wa neli umeinama kidogo ili maji yasirudi kuipasua. Matone yanajikusanya mdomoni. Hewa inayotoka, ukiipitisha kwenye maji ya chokaa, inayageuza meupe. Mwanafunzi ameona maji na hewa ya ukaa kabla hajashika kalamu.

2. Namba ndogo za chini haziguswi. Ukiongeza moja kwenye H₂O unapata H₂O₂, dawa ya kusafishia vidonda. Namba za kusawazishia hukaa mbele.

3. Oksijeni iwe ya mwisho, kwa kuwa imetapakaa kila mahali. Anza na sodiamu. Magadi yana atomu 3, Na₂CO₃ inayobaki ina 2. Kigawe kidogo cha shirika ni 6, hesabu waliyoijua tangu shule ya msingi. Basi magadi 2, Na₂CO₃ 3. Kaboni kushoto ni 4. 3 zimeshapata mahali, iliyobaki inakwenda kwenye CO₂. Haidrojeni 10 zinatoa maji 5:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Sasa hesabu oksijeni: 16 kushoto, na kulia 9, 2 na 5. Darasa hushangilia hapo, nami nashangilia nao.

4. Aina ya mmenyuko haikaririwi, inasomwa. Kitu kimoja kimetoa vitatu: huo ni mtengano. Kinyume chake kipo Oldoinyo Lengai, ambako lava hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikipata unyevu. Ndani yake mna nyerereiti, madini yaliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, nayo hunywa maji:

Na₂Ca(CO₃)₂ + 2H₂O → Na₂Ca(CO₃)₂·2H₂O

Viwili vimekuwa kimoja: muungano.

Walimu wenzangu wa Karatu na Ngorongoro, msisubiri maabara ikamilike. Nunueni kipande cha magadi sokoni, muwashe moto, wanafunzi waone kwanza ndipo waandike.