SOMO: KAHAWA, NGUVU NA KAZI YA WAMAMA



Huku Kivu tunalima kahawa, na kazi kubwa ya kuichuma na kuichagua inafanywaka na wamama. Mara nyingi tunaulizwaka: «Kahawa inaleta nguvu kweli, ao ni maneno tu?» Tujifunze pamoja.

1. Kafeini inafanya nini?

Ndani ya kahawa na chai kuna kafeini. Mtu akiwa macho na akifanya kazi, adenosini inaongezeka ndani ya ubongo, nayo inamwambia: «Umechoka, pumzika.» Kafeini inakalia nafasi ya adenosini, kwa hiyo ujumbe ule haupiti vizuri. Inasikilika sana kiisha dakika 30 mpaka 60.

2. Wanawake walipimwa namna gani?

Watafiti waliwapima wakikimbia na wakinyonga kinga. Uchovu unatajwa kwa kipimo cha Borg: 6 ni kazi isiyochosha hata kidogo, 20 ni mwisho wa nguvu. Mara nyingi wenye kupata kafeini walivumilia zaidi kidogo, ao walisikia kazi ileile imekuwa nyepesi. Kwa miaka mingi walipimwa zaidi wanaume, lakini kwa wanawake msaada unakaribiana na ule wa wanaume. Hata hivyo, miili haifanani: kuna anayesikia nguvu, na kuna anayesikia tu moyo unapiga mbio.

Kipimo cha majaribio ni kama miligramu 3 mpaka 6 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mama wa kilo 60, miligramu 3 zinafanya 180, ni kusema karibu vikombe viwili. Tukumbuke: robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

3. Tuwe na angalisho

- Kahawa si chakula. Mfuko wa kilo 50 unabaki kilo 50. Mgongo unaumia hata kama kichwa hakisikii. Tule kwanza, tunywe maji, tugawanye mizigo.
- Mama mwenye mimba: kafeini inapita mpaka kwa mtoto, na inakawia sana mwilini. OMS inashauri anayepita miligramu 300 kwa siku apunguze.
- Kwa kawaida nusu ya kafeini inatoka kiisha masaa karibu 5. Kwa anayemeza vidonge vya kupanga uzazi, inaweza kuchukua mara mbili.
- Kahawa ya mangaribi inaharibu usingizi, na kesho uchovu unarudi zaidi.
- Kahawa na chai pamoja na chakula vinapunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Mwenye kupungukiwa damu angoje kama saa moja kiisha kula.

4. Maswali ya kikundi

Katika koperative yetu, nani anabeba mizigo mizito zaidi? Anapumzika mara ngapi? Je, tunamsaidia apunguze uchovu, ao tunamsaidia tu asiusikie?