Mkebe Mmoja Kabla ya Mbio

Huku kwetu Mukurweini hakuna asiyeujua mti wa kahawa. Tumechuma matunda yake tangu tukiwa shule ya msingi, tumeyabeba hadi kiwandani, na karo za wengi wetu zimetoka huko huko. Ajabu ni kwamba kahawa yenyewe hatuinywi. Nyumbani ni chai asubuhi, chai saa nne, chai jioni. Basi mwaka jana nilipotoa pesa zangu dukani kununua mkebe wa kinywaji cha kutia nguvu, sikujua kwamba nilikuwa nanunua kitu kile kile kilichomo ndani ya buni tunayoiuza. Kitu hicho ni kafeini.

Nitaanza na mkasa, somo litafuata.

Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake tulikuwa na mbio za nyika za zoni, kilomita 8. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila siku napanda na kushuka vilima hivi kwenda shule na kurudi, kwa hivyo miguu ninayo. Lakini vijana wakubwa walituambia kuwa bila mkebe hutoboi. Saa kumi na mbili jioni nikanywa mdogo wa mililita 250, ati nizoee. Usiku huo usingizi ulinihepa kabisa. Jogoo wa kwanza aliwika nikiwa macho. Asubuhi chakula hakikupita. Dakika 20 kabla ya kipenga nikamaliza mkebe mkubwa wa mililita 500.

Kilomita mbili za kwanza nilikuwa mbele, nikajiona bingwa. Kisha tukavuka daraja tukaanza kupanda. Wee! Mikono ilianza kutetemeka, tumbo likasokota, moyo ukawa unaruka kama unataka kutoka. Nikashika mti wa kahawa kando ya njia nikatapika. Mama mmoja wa huduma ya kwanza akaja mbio akaniuliza, "Kijana, umekunywa nini?" Nikamjibu, "Maji tu, mama." Huo ulikuwa uongo, na si uongo mdogo, kwa maana anayekutibu ukimficha ulichokunywa atatafuta ugonjwa mwingine. Akanilaza chini, akanipepea, akasubiri moyo utulie. Jina langu halikuwa katika timu iliyoendelea mbele.

Sasa tuingie darasani. Kafeini hufanya nini mwilini? Ubongo unapofanya kazi mchana kutwa, kemikali iitwayo adenosini huzidi kujikusanya. Kemikali hiyo ina viti vyake maalum katika ubongo, na ikishaketi huupa ubongo habari kwamba umechoka, ulale. Kafeini ina umbo linalokaribiana nayo. Hivyo hufanya kama yule abiria anayekalia kiti cha mwenzake katika matatu. Adenosini inafika, inakuta kiti kimeshikwa, inabaki imesimama na ujumbe wake mkononi. Uchovu upo pale pale, ila ubongo haujaambiwa. Wakati huo huo moyo huharakishwa na mikono inaweza kutetemeka.

Kwa hivyo kafeini yenyewe si chakula cha misuli. Nguvu ya kuchomwa iliyomo katika mkebe ni sukari. Mkebe wangu ulikuwa na gramu 11 za sukari katika kila mililita 100, yaani gramu 55 kwa jumla. Ukihesabu kijiko cha chai kuwa gramu 4, hivyo ni karibu vijiko 14! Vinywaji vilivyotengenezewa wanamichezo huwa na gramu 6 hadi 8 hivi kwa mililita 100, kwa sababu maji yenye sukari nyingi hukawia tumboni. Mimi nilikimbia na nusu lita ya sharubati inayochezacheza ndani. Watu wengi huchanganya vinywaji hivi viwili, na wenye maduka huvipanga katika rafu moja.

Lakini nisiwe mwongo mara ya pili: kafeini humsaidia mkimbiaji. Ndiyo sababu wakuu wa Olimpiki waliiwekea kikomo tangu miaka ya 1980, na mwanariadha aliyepatikana nayo kupita kiasi katika mkojo aliadhibiwa. Iliondolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa tarehe 1 Januari 2004. Maana yake, dada yetu wa Nyeri, Catherine Ndereba, alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni huko Chicago mwaka wa 2001 kwa saa 2 dakika 18 na sekunde 47, sheria hiyo ilikuwa bado inafanya kazi.

Tatizo liko katika kipimo. Watafiti wa michezo husema kafeini husaidia ikiwa miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, kiasi cha saa moja kabla ya zoezi. Hapo wanazungumzia watu wazima. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa maoni yake mwaka wa 2015 kwamba kwa watoto na vijana, miligramu 3 kwa kilo kwa siku nzima hazileti wasiwasi. Umeona? Pale wakubwa wanapoanzia ndipo sisi tunapoishia, tena kwa kutwa nzima.

Nilijipima kwenye mizani, nikapata kilo 52. Zidisha kwa 3, ni miligramu 156. Mkebe wangu mkubwa uliandikwa miligramu 32 kwa kila mililita 100, yaani miligramu 160. Mkebe mmoja tu, na nilikuwa nimeshavuka kabla ya kugusa chai. Na ule mdogo wa jioni? Miligramu 80. Mamlaka hiyo hiyo ilisema kwamba miligramu 1.4 hivi kwa kilo, hasa karibu na wakati wa kulala, zinaweza kuvuruga usingizi wa baadhi ya vijana. Kwangu hiyo ni miligramu 73. Tena mwili huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini, kwa hivyo saa tano usiku nusu ya ule mkebe ilikuwa bado inazunguka kichwani. Nilipoteza mbio Ijumaa jioni, Jumamosi ilinionyesha tu. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema wazi mwaka wa 2011 kuwa vinywaji hivi havina nafasi katika chakula cha watoto na vijana.

Nilipoyasoma haya mbele ya chama chetu, msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliuliza, "Kwani hata chai ya mama tuipime?" Watu wakacheka, lakini swali ni zuri. Kikombe cha chai huwa na miligramu 30 hadi 50 hivi, kulingana na majani. Vikombe viwili asubuhi havifiki 156. Mwaka wa 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha uchunguzi wa wakimbiaji hodari 10 wa Kenya waliokuwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka katika wanga, ugali ukiwa mbele, na kinywaji chao pamoja na maji kilikuwa chai ya maziwa.

Yule mama wa huduma ya kwanza nilimkuta sokoni wiki mbili baadaye. Nikamsalimia, nikamwambia ukweli wa ile siku. Hakunigombeza. Alisema kama ningezimia, au moyo ukakosa mpangilio, angenikimbiza hospitali na kuwaambia madaktari nilikunywa maji. Akaniuliza kama vijana wengine wa shule yetu wanakunywa pia. Nikamtajia idadi, akaandika kwenye kijitabu chake.

Mbio za mwaka huu zinaanza saa nne. Saa moja nitakula viazi vitamu na chai vikombe viwili.