SHANGA ZA UDONGO WA POLIMA: JINSI YA KUZITIA MAUA NA MICHORO

Wasomaji wenzangu, muhula uliopita, Siku ya Wazazi, wengi wenu mlipita mbele ya meza ya Chama cha Kazi za Mikono mkaziona hereni, bangili na vidani tulivyokuwa tukiviuza. Baadhi yenu mliniuliza maua yale madogo yalichorwa kwa kalamu gani. Wengine mlisikia habari za hereni zilizovunjika, nanyi mkatucheka. Katika makala hii nitajibu swali la kwanza, wala sitaificha ile habari ya pili, maana ndiyo iliyotufundisha zaidi.

UDONGO HUU NI KITU GANI?

Mimi ni mjukuu wa mfinyanzi. Bibi yangu ni Mkisi wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, na tangu utoto nimemwona akifinyanga vyungu, akivisugua kwa kokoto laini mpaka ving'ae. Kwa hiyo mlezi wa chama chetu alipotuletea pakiti kumi na mbili za udongo kutoka Dar es Salaam, nilijidai kwamba kazi hii naijua. Nilikosea.

Udongo wa polima hauchimbwi popote. Ni plastiki. Asili yake ni unga wa polivinili kloridi, yaani plastiki ile ile inayotengenezewa mabomba ya maji, uliochanganywa na mafuta ya kuulainisha na kutiwa rangi. Ukiwa mbichi hufinyangika kama unga wa ngano uliokandwa. Wahenga walisema udongo uuwahi ungali maji. Lakini huu hauna maji, na ukifungwa vizuri hukaa miezi mingi bila kukauka. Ukipata joto la kadiri, chembe za plastiki huyanyonya yale mafuta, huvimba, kisha hushikamana kuwa kitu kimoja kigumu. Hapo hauwezi kufinyangwa tena.

Historia yake si ndefu. Katika Ujerumani alikuwako mama mmoja, Käthe Kruse, fundi mashuhuri wa wanasesere. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alipata plastiki ya namna hii, akatumaini kuifanyia vichwa vya wanasesere wake, lakini haikumfaa. Binti yake Sofie, aliyeitwa Fifi, ndiye aliyeichukua na kuiendeleza iwe udongo wa kufinyangia. Mwaka 1964 kazi hiyo ikachukuliwa na kiwanda cha Eberhard Faber, na udongo ukajulikana kwa jina la FIMO.

Lakini ufundi wa kutia ua ndani ya ushanga ni wa zamani zaidi. Mafundi wa vioo wa Venice, katika kisiwa cha Murano, walikuwa wakifunga pamoja vijiti vya kioo vya rangi mbalimbali, wakavitia moto na kuvivuta viwe vyembamba, kisha wakavikata vipande. Kila kipande kikawa na ua usoni. Shanga za Venice twazifahamu katika historia yetu, maana katika karne ya 19 zilishushwa Unguja, na misafara ikazipeleka hadi Tabora na Ujiji. Mafundi wa polima wamefuata njia ile ile, ila bila moto wa kuyeyushia kioo.

VIFAA

Hapana haja ya vifaa vya gharama. Sisi tulitumia kigae laini cha sakafu kuwa meza, chupa ya kioo kuwa mti wa kusukumia, wembe mpya, sindano ya kushonea, vijiti vya mishikaki vya kutobolea, na oveni ndogo ya umeme. Jambo moja ni sharti: chombo kilichotumika kwa kazi hii kisirudi jikoni. Oveni yetu ni kuukuu, na haipikiwi chakula tena. Aidha, usiweke udongo mbichi juu ya dawati lililopakwa vanishi, kwa kuwa mafuta yake hulainisha vanishi na kuacha alama.

KUTENGENEZA GOGO LA MAUA

Sasa nalijibu swali lenu. Maua yale hayakuchorwa kwa kalamu yo yote. Yamo ndani ya udongo wenyewe. Fanya hivi:

Kwanza, kanda kila rangi mpaka iwe laini. Anza na nyeupe, umalizie na nyeusi na nyekundu, nawe unawe mikono kila ubadilishapo rangi. La sivyo nyeupe yako itakuwa kijivu.

Pili, viringisha kijiti kimoja cha manjano na vijiti sita vyeupe, vyote vya unene mmoja na urefu mmoja. Weka cha manjano katikati, uvizungushe vile sita. Utaona kwamba vinatosha barabara, hakuna kinachozidi wala nafasi inayobaki. Hilo si bahati. Duara sita zilizo sawa huizunguka duara ya saba iliyo sawa nazo, na mwalimu wa Hesabu atakuonyesha sababu kwa pembe za nyuzi 60.

Tatu, jaza mifereji iliyo kati ya petali kwa vijiti vyembamba vya buluu vyenye pembe tatu, kisha uvike gogo lote shuka jembamba la buluu. Usiiache mifereji tupu. Ukiiacha, petali zitalala upande utakapolibana gogo.

Nne, libane gogo polepole kuanzia katikati yake, ukiligeuza geuza, kisha uliviringishe juu ya kigae. Litapungua unene na kuongezeka urefu, na ua litakuwa dogo bila kupoteza umbo. Hapa pana hesabu nzuri. Gogo letu lilikuwa na upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 3. Tulipolifanya liwe na upana wa sentimita 1, yaani robo ya kwanza, urefu ulizidi mara 16, ukawa sentimita 48, kwa kuwa ujazo haukubadilika. Ncha zote mbili huharibika, basi tukakata sentimita 3 kila upande. Zilizobaki, sentimita 42, zilitupa vipande 210 vya milimita 2 kila kimoja. Ua moja lilizaa maua 210, nayo yote yalifanana.

Tano, liache gogo mahali pa baridi kwa saa moja kabla ya kulikata, wembe usije ukaliponda. Kila ukatapo, lizungushe kidogo, lisipate kuwa bapa upande mmoja. Vipande vyaweza kuwa hereni vyenyewe, au vyaweza kubandikwa juu ya donge la rangi moja na kuviringishwa mpaka viungane nalo kuwa ushanga. Donge la gramu 57, ambalo ndilo kipimo cha pakiti ndogo, latosha shanga kama 30 zenye upana wa milimita 12.

Ukipanga vijiti vya mraba, cheusi na cheupe kwa zamu, utapata mfano wa mkeka. Ukikunja shuka mbili za rangi mbili pamoja, utapata mzunguko kama wa konokono.

KUCHORA JUU YA UDONGO

Kwa vidani vikubwa, ua dogo halitoshi; hapo twachora. Njia nyepesi ni ya penseli. Chora mchoro wako juu ya karatasi kwa penseli laini, ukikoleza sana. Lalisha karatasi kifudifudi juu ya udongo mbichi uliosawazishwa, ukandamize kwa kidole, uiache robo saa, kisha uibandue taratibu. Mchoro utakuwa umehamia kwenye udongo. Lakini kumbuka kwamba huhamia kinyume, kama sura katika kioo. Mimi niliandika jina la shule yetu kwa herufi nzuri, nikapata jina lisilosomeka na mtu ye yote, ila kwa kujitazama katika kioo cha bwenini.

Njia ya pili ni ya sindano. Chora mistari kwa kuikwaruza, uoke kidani, kisha upake rangi ya akriliki nyeusi juu ya mahali pote, uipanguse upesi kwa kitambaa chenye unyevu. Rangi itabaki ndani ya mistari tu. Baada ya kukauka, sugua kwa msasa laini ndani ya maji.

Mtaniuliza, tuchore nini? Jibu limo katika nguo za mama zetu. Kanga ina pindo, ina mji, ina na jina. Sisi tuliiga mpango huo: ukingo wa vidoto kuzunguka kidani, korosho moja katikati, na neno moja fupi chini. Kidani cha namna hiyo kilitambulika mara moja, na kila mama aliyekiona alikishika.

KUOKA, NA AIBU YETU

Sasa nafika penye uchungu. Karatasi ya pakiti zetu ilisema: nyuzi 110 za Selsiasi, dakika 30. Tukageuza kitufe cha oveni hadi 110. Mara ya kwanza shanga zilizokuwa karibu na waya wa juu zikageuka kahawia na kutoa harufu kali. Tukaogopa, na tulikuwa na haki ya kuogopa, maana plastiki hii ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo hudhuru macho na mapafu. Ndiyo sababu haifai kuokwa juu ya makaa, na madirisha yawe wazi siku zote.

Kwa hofu hiyo tukakiteremsha kitufe. Shanga zikatoka nzuri, rangi safi, nasi tukafurahi. Siku ya Wazazi tuliuza jozi 23 za hereni. Fedha hizo tulikuwa tumeziahidi kwa ajili ya miwani ya mwenzetu mmoja wa Kidato cha Kwanza, aliyekuwa haoni ubao hata akikaa mstari wa mbele.

Juma lililofuata mzazi mmoja alimtuma mwanawe aturudishie hereni zake, zimekatika vipande viwili. Akaandika katika kikaratasi: "Wanangu, sidai fedha. Nataka tu mjue." Kabla ya juma kwisha zikarudi jozi nyingine tatu.

Tukafanya mkutano. Wengine walisema tunyamaze, kwa kuwa wazazi wamekwisha kwenda makwao, na tukirudisha fedha miwani haitanunuliwa. Nami, sitaki kusema uongo, nilikuwa miongoni mwa hao. Usiku ule nilimkumbuka Bibi. Chungu kikitoka motoni na kupoa, hakitii kapuni mpaka akigonge kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia kama kengele, chaenda sokoni. Kikilia kizito, hubaki nyumbani, hata kiwe kizuri namna gani. Husema, "Chungu hakiulizwi kwa macho." Sisi tulikuwa tumeziuliza shanga zetu kwa macho tu.

Asubuhi tukamwendea mwalimu wa Kemia, akatuazima kipimajoto kinachofika nyuzi 200. Tukakilaza ndani ya oveni kando ya kigae. Kitufe kilipokuwa pale pale tulipookea hereni zile, kipimajoto kilionyesha nyuzi 85. Shanga zetu zilikuwa zimepata ugumu wa nje, lakini chembe hazikushikamana. Tulikuwa tumewauzia watu vitu vibichi.

Bahati njema ni kwamba udongo wa polima usioiva waweza kuokwa mara ya pili, nao huiva kabisa. Tulitangaza mstarini, tukawapelekea wazazi habari kwa watoto wao. Zilirudi jozi 19, pamoja na zile nne zilizovunjika. Tuliwasha oveni, tukangoja kipimajoto kisimame penye 110, tukazifunika kwa karatasi ya alumini zisiunguzwe na waya, tukahesabu dakika 30 kwa saa. Zile nne tulizitengeneza upya. Wawili tu walitaka fedha zao, nasi tukawapa. Miwani ilichelewa majuma mawili, lakini ilinunuliwa.

NAMNA YA KUUJARIBU

Tangu siku hiyo hatuoki cho chote bila kuweka kando ukanda mmoja wa udongo ule ule, wenye unene wa milimita 2 na urefu wa kidole. Ukiisha poa, twaupinda. Ukikatika kama biskuti, shanga zote zarudi motoni. Ukipindika na kujinyoosha, zimeiva. Mkumbuke tu kuungoja upoe, kwa kuwa ukiwa moto huwa laini hata ukiwa umeiva. Hali kadhalika msome karatasi ya kila pakiti, kwa kuwa aina mbalimbali zina joto mbalimbali.

Basi, wenzangu, anayetaka kujifunza na afike chumba cha ufundi siku ya Jumatano baada ya masomo. Aje na sindano, wembe na penseli laini. Udongo upo wa kutosha. Wakati wa likizo nilimpelekea Bibi ushanga mmoja wenye ua. Aliutazama, akaupindua, kisha akaugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Haukulia kama kengele, maana ni plastiki. Nikamweleza habari ya ukanda. Akacheka, akasema, "Kumbe na huu nao una namna yake ya kuulizwa."

Mwanachama wa Chama cha Kazi za Mikono,
Kidato cha Tatu